Kongamano la ICMPC na saikolojia ya muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa muziki na wa saikolojia, walimu wa kwaya, wapiga ngoma na wazazi wa Afrika Mashariki waliosikia habari za kongamano hili na wangependa kujua kama linawahusu. Mengine yamejibiwa kwa mistari miwili kwa sababu hayahitaji zaidi. Yale ya marimba za Kiganda na ya watoto wanaobebwa mgongoni yamejibiwa kwa urefu, maana hapo ndipo penye utamu wenyewe.

ICMPC ni kitu gani?

Ni kongamano la kimataifa (jina lake kwa Kiingereza ni International Conference on Music Perception and Cognition) la watafiti wanaochunguza jinsi binadamu anavyousikia muziki, anavyouelewa, anavyoukumbuka, anavyoupiga na anavyoguswa nao. La kwanza lilifanyika Kyoto, Japani, mwaka 1989. Tangu hapo limekuwa likihamahama, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili: Los Angeles 1992, Liège 1994, Montreal 1996, Seoul 1998, Keele 2000, Sydney 2002, na kadhalika hadi Thessaloniki 2012, Graz 2018, Tokyo 2023 na São Paulo 2025. La mwaka 2021 lilifanyika mtandaoni kwa sababu ya Korona.

Mara nyingi huandaliwa pamoja na chama cha watafiti wa eneo husika. Ulaya wana ESCOM, kilichoanzishwa mwaka 1991. Amerika ya Kaskazini wana SMPC. Asia na Pasifiki wana APSCOM. Ukiitazama orodha ya miji wenyeji utaona mwenyewe bara lisilokuwemo.

Saikolojia ya muziki inachunguza nini hasa? Si kila mtu ana ladha yake?

Ladha ni sehemu ndogo tu. Maswali makubwa ni ya aina hii: mtu anajuaje pigo linalofuata litaangukia wapi? Kwa nini wimbo mmoja unang'ang'ania kichwani siku nzima? Kwa nini mwili unasisimka pale sauti ya pili inapoingia? Mzee aliyesahau majina ya wanawe anawezaje kuimba ubeti mzima wa utotoni?

Fani yenyewe ni kongwe. Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha kitabu chake kuhusu hisia za sauti mwaka 1863, na Carl Stumpf akafuata na juzuu mbili za saikolojia ya sauti miaka ya 1883 na 1890. Jarida la Psychology of Music lilianza 1973. Music Perception likafuata mwaka 1983, mwanzilishi wake akiwa Diana Deutsch wa San Diego.

Huyo Deutsch ndiye aliyegundua jambo ambalo unaweza kulijaribu leo kwa simu yako. Mwaka 1995 alikuwa akihariri sauti yake mwenyewe akizungumza, kipande kifupi kikawa kinajirudia bila kukoma. Baada ya muda kile kipande kikaacha kusikika kama maneno yanayosemwa, kikasikika kama wimbo. Hakuna kilichobadilika kwenye rekodi. Kilichobadilika ni msikilizaji. Chukua sentensi moja ya mtangazaji wa redio, irudierudie mara kumi bila kuibadilisha, halafu cheza taarifa yote tangu mwanzo. Ikifika sentensi ile, huenda mtangazaji ataanza kuimba.

Lazima niwe mwanamuziki au mwanasaikolojia?

Hapana. Ukumbini wamo wanasaikolojia, wanamuziki, madaktari wa ubongo, wataalamu wa kompyuta, wanaisimu na walimu wa shule za msingi. Mchanganyiko huo ndio raha yake, na ndio kero yake pia: mpiga fidla anamshangaa mtu wa takwimu, naye mtu wa takwimu anamshangaa mpiga fidla. Unachohitaji ni swali linaloweza kuchunguzwa, na njia ya kulichunguza ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata.

Ni kweli kumsikilizisha mtoto Mozart kunamwongezea akili?

Si kweli. Lakini kwa kuwa bado kuna wazazi wanaotozwa fedha kwa ajili ya jambo hili, inafaa kujua lilikoanzia.

Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake walichapisha makala fupi katika jarida la Nature. Waliwapima wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima, si watoto. Baada ya kusikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili, wanafunzi walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kuviona vitu akilini na kuvigeuza, kama vile kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwaje ikikunjuliwa. Manufaa hayo yalidumu dakika 10 hadi 15, kisha yakaisha. Ndiyo hayo tu. Magazeti yakaandika kwamba Mozart anaongeza akili, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, akapendekeza zitengwe dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki huo.

Watafiti wengine walipolichimba jambo hili, walikuta maelezo mepesi zaidi. Kristin Nantais na Glenn Schellenberg walionyesha mwaka 1999 kwamba waliopenda hadithi kuliko Mozart walifanya vizuri baada ya kusikiliza hadithi. Mwaka 2001 Schellenberg na wenzake wakaonyesha kwamba kinachofanya kazi ni kuchangamka na kuwa na furaha. Muziki wa huzuni na wa polepole haukusaidia. Kwa hiyo kama mwanao anachangamshwa na singeli, mpe singeli kabla ya hesabu. Ila usitegemee ataamka kesho akiwa profesa.

Muziki wetu una nafasi gani katika utafiti huu?

Nafasi yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mfano mzuri uko Kampala.

Amadinda ni marimba ya Kiganda yenye vibao 12. Hupigwa na watu watatu, na wawili wa kwanza huketi wakitazamana. Wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mwendo usiobadilika. Wa pili anaingiza mfululizo wake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu anashughulikia vibao viwili vya juu kabisa tu: anasikiliza noti zinazoangukia kwenye vibao viwili vya chini kabisa na kuzirudia huku juu. Kwa kuwa mapigo yanapishana kwa kasi, haiwezekani kusikia ni nani amepiga nini. Badala yake msikilizaji husikia nyimbo fupifupi ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga.

Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, alijifunza marimba hizi kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki mashuhuri wa Buganda, na mwaka 1960 akachapisha maelezo ya muundo wake. Alieleza kwamba akili ya msikilizaji hukusanya noti zilizo karibu kwa sauti, za juu na za juu, za chini na za chini, na kila kundi likawa wimbo unaojitegemea. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya kumi kabla Albert Bregman wa Montreal hajachapisha, mwaka 1971, majaribio yake maarufu ya noti za juu na za chini zinazopishana upesi hadi zikagawanyika kuwa mikondo miwili masikioni. Bregman alikuwa na vyombo vya maabara. Mafundi wa Buganda walikuwa wameshaujenga muziki mzima juu ya kanuni hiyohiyo, na anayefundishwa hujifunza tangu mwanzo kwamba anachokipiga si kile kitakachosikika.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1993 Ulrich Wegner alichapisha utafiti uliouliza upya jinsi nyimbo hizo zilizofichika zinavyosikika. Swali hilo bado lina nafasi ya watafiti wapya, hasa wanaoweza kumuuliza fundi kwa Kiganda chake bila mkalimani.

Nasema haya kwa kuwa wengi wanaoniuliza kuhusu kongamano hufikiri lazima wapeleke utafiti unaofanana na wa Ulaya, wa piano na hedifoni. Ukumbi umejaa piano tayari. Mtu anayekuja na embaire, yaani marimba ya Busoga, na mdundo wa sindimba kutoka Mtwara, au na namna washiriki wa taarabu wanavyojua ni wakati gani wa kuinuka kwenda kutunza, analeta swali ambalo walioko pale wasingeweza kuliuliza wenyewe.

Nimesikia kwamba mtoto anajifunza mdundo kwa kurushwarushwa. Ni kweli?

Ndiyo, na ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika fani hii. Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor walilichapisha Kanada mwaka 2005. Watoto wa miezi saba walisikilizishwa kwa dakika mbili mdundo usio na mkazo wowote. Nusu yao walirushwarushwa kila pigo la pili, nusu kila pigo la tatu. Kisha wakapewa midundo miwili yenye mkazo wachague, wa mbili mbili na wa tatu tatu. Kwa wastani watoto walipendelea kusikiliza ule uliofanana na jinsi miili yao ilivyochezeshwa. Kumtazama tu mtu mwingine akirukaruka hakukutosha; mwili wa mtoto mwenyewe ulipaswa kutikiswa.

Sasa fikiria ngoma zetu nyingi, ambazo mbili na tatu husikika kwa pamoja na mchezaji huamua mguu wake ufuate ipi. Mtoto aliyefungwa kanga mgongoni kwa mama anayecheza anapewa jibu na mgongo wa mama kabla hajajua kusimama. Je, mtoto wa Makonde na mtoto aliyelala kwenye kigari mjini wanausikia mdundo huohuo kwa namna moja wakifika mwaka mmoja? Hilo ni jaribio linalowezekana kufanywa kliniki ya watoto, kwa spika ndogo, kamera ya simu na ridhaa ya mama.

Basi muziki ni lugha ya dunia nzima?

Kwa sehemu. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake waliwachezea watu wa jamii ya Mafa, kaskazini mwa Kamerun, muziki wa piano wa Kizungu ambao hawakuwahi kuusikia. Waliweza kuutambua wa furaha, wa huzuni na wa kutisha kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Hapo wapenzi wa usemi huu walifurahi.

Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake wakaenda kwa Watsimane wa Bolivia, wakakuta kwamba sauti ambazo Wazungu huziona zinapatana na zile wanazoziona zinagongana, Watsimane walizipenda sawasawa. Mwaka 2024 Nori Jacoby na kundi kubwa la watafiti walichapisha majaribio ya mdundo kutoka makundi 39 katika nchi 15, zikiwemo Mali, Botswana na Namibia. Kila mahali akili iliisogeza midundo kuelekea uwiano mwepesi wa namba nzima, kama moja kwa moja au moja kwa mbili, lakini uwiano upi unapewa uzito hutegemea muziki wa mahali. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matokeo yenye manufaa zaidi ya miaka ya karibuni: yanatupa kipimo kimoja kinachoweza kutumika kila mahali bila kumlazimisha mtu asikilize muziki wa mwingine.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kuna waimbaji hawashiki sauti hata uwafanyeje. Wana tatizo la masikio?

Mara nyingi hapana. Wapo watu wachache waliozaliwa bila uwezo wa kutofautisha sauti za muziki; Isabelle Peretz wa Montreal amewachunguza kwa miaka mingi. Zamani ilisemwa ni asilimia 4 ya watu, lakini uchambuzi aliochapisha na Dominique Vuvan mwaka 2017 uliishusha hadi asilimia 1.5. Hao wengine unaowafahamu husikia vizuri tu. Peter Pfordresher na Steven Brown walionyesha mwaka 2007 kwamba wengi wanaoimba nje ya sauti wanajua kabisa noti ipi ni sahihi. Kinachowashinda ni kuigeuza ile waliyoisikia iwe mwendo wa koo. Kwa hiyo kumwambia mtu "sikiliza vizuri" ni kumtibu mahali pasipouma.

Kuhusu wale wanaoweza kutaja noti bila kusikia nyingine ya kulinganisha: ni wachache sana, ingawa idadi hutofautiana. Deutsch na wenzake waliwalinganisha wanafunzi wa muziki wa Beijing, wanaozungumza Kichina chenye toni (kupanda au kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno), na wa chuo kimoja Marekani. Kati ya walioanza muziki wakiwa na miaka minne au mitano, asilimia 60 hivi ya wale wa Beijing walikuwa na uwezo huo, dhidi ya 14 ya Wamarekani. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kiganda na Kigikuyu zinazo, ila watoto wengi wanaozizungumza hawaanzi kinanda wakiwa na miaka minne, na kwaya zetu huimba kwa do-re-mi, ambapo do husogezwa popote mwalimu apendapo. Ni mazingira mazuri ya kutenganisha athari ya lugha na athari ya mafunzo.

Hii ni sawa na tiba kwa muziki?

Ni majirani. Tiba ni kazi ya kumhudumia mgonjwa, nayo ina mafunzo na taratibu zake. Kwenye ICMPC utasikia mada kuhusu kiharusi, usahaulifu wa uzeeni na ugonjwa wa Parkinson, lakini zinahusu kwa nini jambo fulani linafanya kazi. Hutatoka na cheti cha kutibu mtu.

Ikisiri inaandikwaje?

Ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wako, kwa kawaida huombwa miezi mingi kabla, na hufuata mpangilio wa usuli, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Wakaguzi husoma nyingi kwa muda mfupi. Sentensi ya kwanza iseme swali. Ya mbinu iseme watu wangapi, walisikia nini, walitakiwa kufanya nini. Waandishi wetu wengi hutumia nusu ya nafasi kueleza historia ya kabila na umuhimu wa utamaduni, kisha mbinu inabanwa kwenye mstari mmoja. Pindua uwiano huo.

Kama muziki wako haufahamiki kwao, eleza kwa mistari miwili unavyosikika, halafu endelea. Usiombe radhi kwa kutotumia muziki wa Kizungu.

Nahitaji kibali kufanya utafiti wenyewe?

Ndiyo, na anza mapema. Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST, pamoja na kamati ya maadili ya chuo chako. Ukiwapima watoto au wagonjwa, masharti huongezeka. Ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, na kwa asiyesoma isomwe mbele ya shahidi. Ukiwarekodi mafundi wa muziki, kubalianeni kabla nani atabaki na rekodi na kama jina lao litatajwa. Wengi hupenda litajwe, tofauti na desturi ya maabara ya kuficha majina yote.

Bango au wasilisho la mdomo, lipi bora?

Wasilisho lina heshima zaidi kwenye wasifu wako. Bango lina faida zaidi kwako. Kwenye wasilisho unazungumza kama dakika 20, unaulizwa maswali mawili, unashuka. Kwenye bango unasimama saa nzima na zaidi na watu wanakuja mmoja mmoja, wakiwemo wale ambao makala zao umezisoma. Beba simu yenye vipande vya sauti na hedifoni. Chapisha bango kwenye kitambaa kama unaweza, linakunjwa sandukuni.

Lugha ni ipi?

Kiingereza. Wasikilizaji wengi nao si wenye lugha hiyo, hivyo zungumza polepole bila wasiwasi.

Gharama na viza je?

Ada hutofautiana kila kongamano. Mwanafunzi hulipa kidogo, na mara nyingi pana punguzo au ufadhili kwa wanaotoka nchi zenye kipato kidogo. Soma masharti ya ufadhili kabla ya kutuma ikisiri, kwa sababu huenda maombi yanatakiwa yaende pamoja. Ukikubaliwa tu, omba barua ya mwaliko siku hiyohiyo. Foleni ya ubalozi ndiyo inayowaangusha wengi kuliko wakaguzi.

Sitaweza kusafiri. Kuna njia ya kushiriki?

Mwaka 2018 kongamano lilifanyika kwa wakati mmoja katika vituo vinne, Graz, La Plata, Montreal na Sydney, vikiunganishwa kwa mtandao, kusudi watu wapunguze safari za ndege na wasio na nauli washiriki. Richard Parncutt wa Graz ndiye aliyelisukuma wazo hilo. Kama vituo vitatumika tena, sisi tumekaa pazuri kwa saa: mwezi wa Julai, Graz ikiwa saa tatu asubuhi Dar es Salaam ni saa nne, na La Plata wakianza saa tatu yao asubuhi sisi ni saa tisa alasiri. Vyuo viwili vya kanda hii vyenye intaneti ya kuaminika na jenereta vingeweza kabisa kuomba kuwa kituo.

Nianze kusoma wapi bila kulipia?

Empirical Musicology Review liko wazi kwa wote. Majarida mengine kama Musicae Scientiae hulipiwa, lakini watafiti wengi huweka nakala kwenye kurasa zao za chuo, na ukimwandikia mwandishi kwa adabu mara nyingi hukutumia.

Ikisiri yangu imekataliwa. Nifanyeje?

Soma maoni ya wakaguzi na uyagawe mafungu mawili. Yanayohusu mbinu, yaani washiriki wachache mno, swali lisiloeleweka au takwimu zisizolingana na jaribio, yafanyie kazi, kisha peleka tena kongamano lijalo au kwa ESCOM na SMPC. Ila ukiona mkaguzi anauliza kwa nini hukutumia muziki "wa kawaida", usibadilishe muziki. Ongeza mstari mmoja kwenye mbinu unaosema washiriki wako wamesikiliza na kupiga nini tangu utotoni, halafu itume hivyohivyo.